Kampeni ya siasa mitandaoni: maswali wanayoniuliza wagombea na timu zao

Wagombea hupiga simu usiku. Mchana wako mikutanoni, usiku ndipo wanashika simu, wanaona mpinzani amepata laiki nyingi, usingizi unakata. Maswali yaliyo hapa chini mengi yamezaliwa saa hizo. Mengine niliwahi kuyajibu vibaya, nikajifunza baada ya matokeo kutangazwa.

Nina wafuasi 40,000. Hizo si kura tayari?

Hapana. Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme nusu yao wako nje ya eneo unalogombea: ndugu, uliosoma nao, wapinzani wanaokuchungulia, na waliokufuata siku ile video yako ya kuteleza jukwaani iliposambaa. Wanabaki 20,000. Toa wasiofikisha umri, toa ambao hawakujiandikisha. Tuseme wamebaki 9,000. Posti ya kawaida haiwafikii wote. Ikimfikia mmoja kati ya kumi bila kulipia, shukuru. Basi unazungumza na watu 900, na wengi wao walishakuchagua moyoni kabla hujafungua mdomo. Hesabu hii ni ya mfano tu, ila yako ukiipiga itaporomoka vivyo hivyo.

Kazi ya mtandao ni kumtoa mtu kwenye kutazama na kumtia kwenye kutenda: aache namba yake ya simu, aje mkutanoni, amsemeshe shangazi yake, ajitolee kuwa wakala, aende kituoni. Posti isiyomwomba mtu lolote kati ya hayo ni burudani, na kwenye burudani wapo wanaokushinda.

Kuna jaribio ambalo kila timu ya kampeni ingepaswa kulijua. Siku ya uchaguzi wa Bunge la Marekani mwaka 2010, Facebook iliwahusisha watumiaji milioni 61. Karibu wote waliona ukumbusho wa kupiga kura ukiwa na sura za marafiki zao waliobonyeza kitufe cha kusema wamekwisha kupiga kura. Kundi dogo liliona ukumbusho bila sura yoyote, na kundi jingine dogo halikuonyeshwa kitu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2012. Watafiti walikadiria kura za ziada zipatazo 340,000, na nyingi zilitoka kwa marafiki wa karibu wa wale waliouona ujumbe. Ukumbusho usio na sura haukumsogeza mtu. Nitairudia hii habari ya sura huko chini.

Nianzie mtandao gani?

Ule ambao wapiga kura wako wako. Najua jibu linaonekana la kitoto, lakini nimekaa na timu iliyomaliza wiki nzima kusuka uzi mzuri, yaani mfululizo wa posti, kwenye X (zamani Twitter) wakati wapiga kura wao wote wako kwenye magrupu ya WhatsApp. X ina kazi yake: waandishi wa habari wako huko, wanasiasa wenzako wako huko, na neno likianzia huko linaweza kufika redioni jioni. Kwa kura za mtaani mara nyingi si mahali pake.

Tuma vijana watano waende sokoni, kituo cha mabasi na nje ya nyumba za ibada. Kila mmoja awaulize watu kumi: "Habari za hapa mtaani huwa unazipatia wapi?" Kisha chagua mitandao miwili, basi. Mgombea aliye kwenye mitandao sita huwa na akaunti nne zilizolala, na akaunti iliyolala inamwambia mpiga kura kwamba hata ofisi yako italala.

Nianze lini?

Jana. Ukurasa uliofunguliwa wiki mbili kabla ya uchaguzi unanuka njaa ya kura. Halafu kuna vikwazo vya kiufundi: kuthibitishwa ili uruhusiwe kulipia matangazo ya siasa kunachukua siku, wakati mwingine kunakwama kwa sababu jina la kwenye kitambulisho halifanani na la kwenye akaunti. Katika chaguzi za Marekani za karibuni, Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ilizuia matangazo mapya ya siasa katika wiki ya mwisho. Aliyengoja dakika za lala salama alibaki na pesa mkononi.

Niposti nini? Nimechoka kuposti mabango ya "Heri ya siku fulani".

Wapiga kura nao wamechoka. Hapa nitakaa kidogo.

Mgombea mmoja aliniletea posti hii niipitishe: "Nikichaguliwa nitaboresha miundombinu na kuhakikisha maendeleo jumuishi kwa wananchi wote." Juu yake picha yake akiwa na tai, ameangalia pembeni kama anayesubiri gari. Nikamuuliza, eneo lako lina tatizo gani ambalo watu wanalitukana kila asubuhi? Akasema daraja la mbao. Nikamwambia, kesho tuonane darajani saa kumi na mbili na nusu.

Tulirekodi kwa simu, sekunde 50. Alianza bila salamu: "Nimesimama hapa nusu saa, nimehesabu watoto 43 wakivuka kwenda shule. Huyu amevua viatu kwa sababu ubao wa tatu umeoza." Kamera ikashuka kwenye ubao, na kwenye miguu peke yake, sura ya mtoto hatukuichukua. Kisha akauliza: "Mtaani kwenu watoto wanavuka wapi? Nitumie picha na jina la mahali kwa namba hii." Hakuahidi chochote. Picha zilizotumwa zilitupangia ratiba ya mikutano ya wiki mbili, na kila aliyetuma alikuwa ametuachia namba yake kwa hiari. Alipofika mahali hapo alimwita aliyeleta picha asimame naye.

Sasa linganisha. Posti ya kwanza mpinzani wako anaweza kufuta jina lako akaweka lake, na hakuna atakayejua. Hicho ndicho kipimo changu kwa kila posti: ikivaliwa na mtu mwingine bila kupwaya, ifute.

Mchanganyiko wangu ni huu: tatizo moja lililoonekana kwa macho, mtu mmoja wa eneo lako anayesema kwa sauti yake kwa nini anakuunga mkono, jibu moja la swali lililoulizwa kwenye komenti, na taarifa ya wapi utakuwa kesho. Hiyo ya mtu wa mtaani ndiyo timu nyingi zinairuka kwa sababu mgombea anataka aonekane yeye tu. Narudi kwenye zile sura za Facebook: jirani humwamini jirani. Mwalimu anayejulikana mtaani, akisema maneno 20 kwa lafudhi yake mwenyewe, anakuvutia watu kuliko hotuba yako ya nusu saa.

Video iwe na urefu gani?

Fupi kuliko unavyodhani. Kitu cha kwanza kionekane ndani ya sekunde tatu. Salamu, nembo inayozunguka na muziki wa kuingilia vyote ondoa. Weka maandishi chini ya video, kwa kuwa wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa, kwenye daladala au kazini. Punguza uzito wa faili kabla ya kuituma kwenye magrupu. Bando la mtu ni pesa yake, na video inayokula bando lote inakuvunjia heshima.

Hotuba ndefu usiitupe. Ikate klipu nne au tano, kila moja na hoja moja.

WhatsApp tunaitumiaje bila kuonekana wasumbufu?

WhatsApp ndiko kampeni nyingi zinashinda au kuchafuka, na hakuna mgeni anayeona. Kwanza ujue mipaka yake. Grupu linabeba watu hadi 1,024. Ujumbe mmoja huwezi kuufowadi kwa zaidi ya chati tano kwa mpigo, na tangu Aprili 2020 ujumbe ambao umeshapita mikono mingi unakwenda chati moja moja tu. Ukiona alama ya mishale miwili juu ya ujumbe wako, hongera umesambaa, lakini ujue pia baadhi ya watu wameshaanza kuutilia shaka.

Kuna orodha ya kutangaza, ambayo inampelekea kila mtu ujumbe kama wa faragha. Ujumbe huo unamfikia aliyeihifadhi namba yako peke yake. Ndiyo maana kwenye kila mkutano, kabla ya kushuka jukwaani, mgombea anasema: "Toeni simu, hifadhini namba hii kwa jina langu, nitumieni neno moja, jina la mtaa wenu." Kazi ya dakika mbili. Jioni una orodha iliyojipanga yenyewe kwa mitaa.

Usimwingize mtu grupuni bila kumuuliza. Zaidi ya adabu, kuna usalama wake: grupuni kila mmoja anaona namba ya mwenzake, na kuna mtumishi au mfanyabiashara anayekuunga mkono kimyakimya asiyetaka bosi wake ajue. Mpe njia ya kukufuata bila kuonekana, kama vile chaneli, ambako wafuasi hawaoneshwi namba kwa wafuasi wenzao.

Magrupu ya kampeni yakizidi yanageuka uwanja wa picha za asubuhi njema na mabishano ya mpira. Weka maadmini wawili kwa kila grupu, weka saa za kutuma, na ujumbe wako usizidi mmoja au miwili kwa siku. Ujumbe wa sauti wa mgombea mwenyewe, usiozidi dakika moja na wenye kutaja jina la mtaa husika, hupita vitu vyote. Ndiyo, arekodi mara kumi kama mitaa ni kumi. Analalamika wiki ya kwanza, halafu anazoea.

Tulipie matangazo?

Lipieni, ila kwa uchoyo. Mwaka 2018 watafiti Joshua Kalla na David Broockman waliunganisha matokeo ya majaribio 49 ya uwanjani nchini Marekani, wakakuta kwamba katika uchaguzi mkuu matangazo na mawasiliano ya kampeni kwa wastani hayambadilishi mtu mawazo hata kidogo: karibu sifuri. Pesa yako itafaa zaidi kuwatambulisha wasiokujua kabisa, kujaza mkutano wa kesho katika eneo dogo, na kuwakumbusha wanaokupenda waende kupiga kura.

Sheria za mitandao zinabadilika, zisome upya kila msimu. TikTok imekataza matangazo ya siasa ya kulipia tangu 2019, na kumlipa mtu maarufu akuposti huko kunahesabiwa kama tangazo. Twitter iliyakataza mwaka huohuo wa 2019, ikayarudisha 2023 ikiwa mikononi mwa mmiliki mpya. Meta inataka mlipaji athibitishwe na jina lake lionekane kwenye tangazo, kisha tangazo linahifadhiwa hadharani kwa miaka saba. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, Meta na Google zote ziliacha kuuza matangazo ya siasa mwaka 2025.

Hiyo maktaba ya matangazo ya Meta, kabla hujaiogopa, itumie. Fungua, andika jina la mpinzani, uone anamwambia nani nini. Na yeye anakuangalia wewe.

Kwenye komenti wananitukana. Nifute?

Tusi la kabila, dini, jinsia au vitisho, ficha na hifadhi picha yake. Anayekukosoa kwa ukali, mwache. Ukimfuta atarudi na picha ya komenti aliyofutiwa, na hapo habari itakuwa yeye.

Mtu aliandika: "Ninyi wote wezi, mlisema mtaleta maji mko wapi?" Kijana wa mitandao alikuwa ameshaandaa jibu la aya tatu kuhusu sera. Tuliliweka pembeni, tukajibu: "Una haki ya kukasirika. Mtaani kwenu maji yamekatika tangu lini?" Akajibu. Wakajibu na majirani zake wanane. Yeye sina hakika alimpigia nani kura, lakini unapojibu komenti humjibu aliyeandika pekee, unawajibu mamia wanaopita kimya wakisoma.

Usijibu ukiwa na hasira na usijibu baada ya saa nne usiku. Hii sheria nimeiandika ukutani kwa wino mwekundu.

Imesambaa sauti yangu nikisema mambo ambayo sijasema.

Haupo peke yako. Siku mbili kabla ya uchaguzi wa Slovakia wa Septemba 2023 ilisambazwa sauti ya kughushi ya kiongozi wa chama Michal Šimečka akionekana kupanga wizi wa kura, tena ikaja wakati wa ukimya wa kampeni, ambapo kujibu ni kugumu. Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu na sauti bandia ya Joe Biden ikiwataka wasiende kupiga kura ya mchujo.

Dawa inachemshwa kabla ya ugonjwa. Rekodi kila hotuba yako mwanzo hadi mwisho na uihifadhi kwa tarehe. Watu wako wajue mapema kwamba taarifa zako zinatoka akaunti hizi mbili na namba hii moja.

Uongo ukija, kwanza tazama umefika wapi. Ukiwa kwenye grupu mbili, jibu humohumo; ukikimbilia ukurasa mkuu utawapelekea habari watu 30,000 ambao hawakuisikia. Ukiwa umeenea, toka wewe mwenyewe kwa video ndani ya saa chache. Anza na ukweli, taja uongo mara moja kwa kifupi, malizia kwa ukweli. Usiiposti ile klipu ya kughushi hata kama umeichora msalaba mwekundu, maana wenzako watakata msalaba waitume tena.

Sisi tunaweza kutumia akili mnemba (AI)?

Kwa kutafsiri, kufupisha hotuba, kuandika maandishi ya chini ya video, tumieni, na mtu asome kabla ya kutuma. Kwa sauti na sura, tangazeni waziwazi. Desemba 2023 chama cha Imran Khan, waziri mkuu wa zamani wa Pakistan aliyekuwa gerezani, kilitoa hotuba kwa sauti yake iliyotengenezwa na kompyuta, na kikasema hivyo. Mkimtengenezea mpinzani maneno, mmeharibu hata zile klipu zenu za kweli.

Kununua wafuasi je? Au kuwa na jeshi la akaunti?

Usinunue. Wafuasi wa kununuliwa hawalaiki wala hawakomenti, mtandao unaona posti zako hazigusi mtu, unazidi kukuficha. Umelipa ili usionekane.

Kuhusu jeshi, tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Katiba ya Romania ilifuta duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais aliyoongoza mgombea Călin Georgescu, baada ya taarifa za idara za usalama kueleza jinsi alivyosukumwa TikTok kwa namna iliyoratibiwa, wakati yeye alitangaza kwamba kampeni yake haikutumia hata senti. Wapo wanaoupinga uamuzi huo mpaka leo. Kwa mgombea wa kawaida, hiyo ni kesi usiyotaka kuwa nayo.

Machawa ni jambo jingine. Wanakusifu kila posti, wanamshambulia kila anayeuliza. Wape kazi halisi, kama kubeba viti au kusajili namba, na watakaobaki ndio wenzako.

Tuna faili lenye namba za watu 12,000 tulilopewa. Tuwatumie ujumbe?

Limetoka wapi? Kama huwezi kujibu mbele ya kamera, usilifungue. Mwaka 2018 dunia ilijua kwamba kampuni ya ushauri wa kampeni ya Cambridge Analytica ilipata taarifa za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87 bila ridhaa yao. Kampuni ilifunga mwaka huohuo, na Facebook ilitozwa faini ya dola bilioni 5 nchini Marekani mwaka 2019. Nchi nyingi sasa zina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na usidhani siasa ina msamaha humo. Namba 600 ulizopewa kwa hiari zina thamani kuliko hizo 12,000.

Nani ashike akaunti?

Watu wawili wanaoelewana na mgombea, na mgombea awe na ufunguo wa juu kabisa. Nilishawahi kuwa kwenye kampeni ambapo nywila zote alikuwa nazo kijana mmoja wa kujitolea. Akagombana na mratibu kuhusu posho, akazima simu. Siku tisa kabla ya uchaguzi hatukuwa na ukurasa. Tangu hapo nadai uthibitishaji wa hatua mbili, barua pepe ya kampeni isiyo ya mtu binafsi, na karatasi yenye nywila ndani ya bahasha iliyofungwa.

Intaneti ikizimwa?

Huwa inazimwa. Uganda, Januari 2021, ilikatwa usiku wa kuamkia uchaguzi na ikakaa siku kadhaa. Kama kampeni yako yote imo ndani ya programu, umekatwa ulimi. Chapisha orodha ya namba za mawakala na waratibu kwenye karatasi, wapeane kwa mtaa, na mpange ujumbe mfupi wa kawaida na simu za kupigiana. Wafanye mazoezi siku moja bila data.

Siku ya kupiga kura tuposti nini?

Angalia sheria ya nchi yako kwanza, kwa kuwa mahali pengi kampeni ni marufuku siku hiyo, na kupiga picha karatasi ya kura kunaweza kukupeleka mahakamani. Ukumbusho wa vituo, muda wa kufungua na kufunga na nyaraka za kubeba, kwa kawaida si kampeni, lakini uliza.

Kama inaruhusiwa, asubuhi waombe waratibu wa mitaa wajipige picha nje kabisa ya eneo la kituo, bila alama za chama, na kila mmoja aiweke kwenye grupu lake na maneno matatu: "Mimi tayari. Wewe?" Majirani wanajuana. Saa nane mchana wapitie majina yao waone nani hajasema, wampigie. Na mgombea mwenyewe aweke simu kwenye chaji, kwa kuwa mawakala wataanza kumpigia kabla masanduku hayajafunguliwa.